Kipaka wa gramu 480: akae ndani au nimwachie mlango wazi?

Wapendwa washauri,

Shikamooni. Ni mama wa mtoto mmoja wa miaka sita, tumepanga Sinza, Dar es Salaam, ghorofa ya pili. Siku kumi zilizopita mwanangu alirudi na mtoto wa paka aliyemkuta kwenye mtaro nyuma ya genge la mboga, analia peke yake. Tulimtafuta mama yake siku mbili, hakuonekana. Ni jike, mweusi mwenye mabaka meupe, macho bado ya bluu. Jana nilimpima dukani kwenye mizani ya sukari: gramu 480.

Nampa maziwa freshi ya ng'ombe na ugali laini. Tumbo limejaa kama puto lakini mgongo ni mifupa mitupu, na tangu juzi anaharisha. Viroboto navyo vimemjaa. Jirani amenipa dawa kidogo ya kuogeshea ng'ombe kwenye chupa ya maji, sijaitumia bado.

Kinachonisumbua zaidi ni hiki. Baba watoto anasema paka kazi yake panya, alale nje kwenye ngazi na asishibishwe, njaa itamfundisha kuwinda. Panya wapo kweli, na mwenye nyumba huweka sumu chini ya ngazi kila mwezi. Mama mmoja jirani, mtu mzima ninayemheshimu, ananiambia kumfungia paka ndani ni dhambi, akanikumbusha yule mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka. Tena nina mimba ya miezi minne, na kliniki niliambiwa nimtoe paka nyumbani kabisa. Mwanangu keshampenda. Wanalala pamoja, ingawa juzi wakicheza alimng'ata kidole, damu kidogo tu. Nimlee vipi, na akae wapi?

Mlezi Mpya, Sinza

---

Marahaba, dada.

Tunaanza na hicho kidole, ulichokitaja mwishoni kama jambo la kupita. Paka wa mtaroni hana chanjo, na kichaa cha mbwa hakiishii kwa mbwa. Paka hukipata akiumwa na mnyama mwenye nacho, naye hukiambukiza kwa mate. Leo hii osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hata kama kimeanza kufunga, kisha mpeleke mtoto hospitali na useme wazi kwamba ameng'atwa na paka asiyechanjwa. Uamuzi wa sindano ni wao. Usikae kungoja uone kama paka ataugua, kwa sababu dalili zikishajitokeza kwa binadamu ugonjwa huu hauna tiba. Paka naye asitoke nyumbani wala asigawiwe mtu. Hospitali watataka kujua kama siku ya 10 tangu alipong'ata bado ni mzima. Kwa hiyo kwa wakati huu swali lako limeshajijibu: akae ndani.

Sasa tumbo lake. Acha maziwa ya ng'ombe leo. Yana sukari iitwayo laktosi ambayo utumbo wa paka hauimudu. Inabaki humo, inavuta maji, inachachuka, na matokeo yake ni huo uharo. Mtu mzima anaweza kuharisha siku mbili akainuka. Kiumbe wa gramu 480 hana akiba hiyo. Mpapase ufizi kwa kidole: ukiteleza kwa mate, maji bado yapo mwilini, ukinata, yamepungua. Mkojo wa njano iliyokolea nao unasema hivyohivyo. Mchanganyie ORS kama ya mtoto, umpe mililita 2 hadi 3 kila nusu saa kwa bomba la sindano lililotolewa sindano. Asilazwe chali. Akae kwa tumbo kama anavyokaa mwenyewe, bomba liingie pembeni mwa mdomo, naye ameze kwa mwendo wake. Ukisukuma kwa nguvu maji yanakwenda mapafuni. Ukiona damu kwenye kinyesi, au akitapika, au akipitisha saa 12 bila kula, ni safari ya daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Dawa za kuharisha za watu usimpe. Panadol ndiyo kabisa: robo tu ya kidonge inaweza kumuua hata paka mkubwa.

Kabla ya kumlisha, mguse masikio na nyayo. Vikiwa vya baridi, mpashe joto kwanza, kwani kipaka aliyepoa hasagi chakula, kinamkaa tumboni kikaharibika. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kanga mbili inatosha, uiweke upande mmoja wa boksi ili akiona joto limezidi ahamie upande wa pili. Usidharau hili kwa kuwa Dar ni joto. Sakafu ya vigae na feni ya usiku humpoza mnyama wa ukubwa huo haraka sana.

Macho ya bluu yanatuambia yuko kwenye wiki ya tano au ya sita, maana rangi huanza kugeuka wiki ya sita hadi ya saba. Umri huo kwa kawaida wana gramu 600 na zaidi, kwa hiyo huyu amebaki nyuma. Meno ya kutafuna anayo tayari na hahitaji tena chupa. Chakula kilichotengenezwa kwa watoto wa paka ndicho rahisi kwako: loweka gramu 25 hadi 30 kwa siku katika maji ya uvuguvugu mpaka kiwe kama uji mzito. Bei ikishinda, jiko lako linatosha. Chukua dagaa wakavu, waoshe mchanga, waloweke saa moja kupunguza chumvi, wachemshe, uwasage wazimawazima na mifupa yao. Mifupa ile laini ndiyo chokaa yake. Kipaka anayelishwa nyama tupu huota mifupa dhaifu inayovunjika kwa kuruka tu kutoka kwenye kochi. Siku nyingine changanya dagaa na nyama ya kuku iliyochemshwa, isiyo na mfupa. Kwa uzito wake mpe kijiko cha mezani kilichojaa, mara tano kwa siku, na maji safi pembeni muda wote.

Ugali hauna madhara ukiwa kidogo, ila si chakula chake. Paka lazima apate taurini, na hiyo imo kwenye nyama na samaki, haimo kwenye nafaka. Akiikosa miezi mingi, macho hufifia na moyo hutanuka ukachoka. Ndiyo sababu hata chakula cha mbwa hakimfai. Samaki apikwe kila mara, kwa kuwa baadhi ya samaki wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1 mwilini. Maini mpe kidogo, mara moja au mbili kwa wiki. Mchuzi wa nyumbani usimpe hata tone: kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, kiwe kibichi au kimepikwa.

Mpime kila Jumamosi kwenye mizani ileile ya sukari, kabla hajala. Aongeze karibu gramu 100 kwa wiki. Wiki moja bila kuongezeka ni onyo hata kama anaruka na kucheza.

Tumbo la puto juu ya mgongo wa mifupa ni minyoo, karibu kwa hakika. Wengi huipata kwa maziwa ya mama yao, na utaiona kwenye kinyesi kama tambi nyeupe. Nenda duka la dawa za mifugo ukiwa na uzito wake umeandikwa, uombe dawa ya minyoo ya watoto wa paka. Usimkatie kipande cha kidonge cha watu wala usimpe dawa ya ng'ombe. Rudia kila wiki mbili hadi afike wiki ya nane au ya kumi, halafu mara moja kwa mwezi hadi miezi sita. Watu hutoa dozi moja, minyoo ikatoka, wakadhani yamekwisha. Dozi moja huua iliyomo utumbo siku hiyo. Iliyokuwa bado inasafiri mwilini hufika wiki inayofuata.

Ile chupa ya dawa ya ng'ombe irudishe kwa mwenyewe, na umweleze sababu. Dawa nyingi za kuogeshea zina sumu za jamii ya sipamethrini. Ini la ng'ombe na la mbwa huzivunja, la paka haliwezi. Anaanza kutetemeka, anatoa udenda, anaingia degedege, tena huhitaji kumnywesha: atajilamba manyoya mwenyewe. Viroboto vya kipaka wa umri huu vitoe kwa kitana cha chawa. Weka bakuli la maji ya sabuni pembeni, chana kuanzia shingoni kwenda mkiani, na kila ukiinua kitana kichovye humo. Kiroboto aliyeingia maji ya sabuni haruki tena. Fanya asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Vitambaa anavyolalia vioshe kwa maji ya moto, na fagia chini ya kochi na pembezoni mwa kuta, kwa kuwa mayai na mabuu vimelala huko, si mwilini mwake. Mchungulie ufizi pia. Ukiwa mweupe badala ya waridi, viroboto vimemnyonya damu hadi hatari, na hapo kitana hakitoshi, anahitaji daktari.

Tuje kwenye mimba yako, maana ushauri wa kumtoa paka kabisa umekaza kuliko inavyohitajika. Kinachohofiwa ni toksoplasimosi, ugonjwa unaoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Vijidudu vyake hutoka kwenye kinyesi cha paka aliyekula panya, ndege au nyama mbichi, na hutoka kwa wiki chache tu baada ya paka kuambukizwa mara ya kwanza. Kinyesi kikiwa kipya bado hakiambukizi. Vijidudu huhitaji siku moja hadi tano kukomaa. Choo chake kikisafishwa kila siku, kazi kubwa imefanyika, na kazi hiyo ni ya baba watoto mpaka ujifungue. Siku asipokuwepo, vaa glavu na uoshe mikono. Huyu wenu aliokotwa mtaroni, hatujui alikula nini, kwa hiyo msilegeze. Ila jua kwamba wajawazito wengi huupata kwa mishkaki isiyoiva katikati, kachumbari isiyooshwa vizuri, na udongo wa bustani. Kliniki waulize kipimo cha damu kinachoonyesha kama uliwahi kuupata zamani. Na ona hapa: paka anayekula chakula kilichopikwa na kulala ndani ni salama kwako kuliko yule wa ngazini anayekula panya kisha akaja kukulalia mapajani.

Choo chenyewe ni beseni pana lenye ukingo usiozidi sentimita 7 ili aweze kuupanda. Tia maranda au mchanga safi kina cha sentimita 5. Mweke humo kila akimaliza kula na kila akiamka, mkwaruzie kidogo kwa kidole chako, atafukua. Akijisaidia kwingine usimsugue pua. Atajifunza kukuogopa wewe, wala hatajua kosa lake. Mara nyingi sababu ni beseni kukaa karibu na sahani ya chakula, au kuwa chafu, au kunuka dawa. Lioshe kwa sabuni ya kawaida na maji ya moto. Zile dawa za kusafishia zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukizitia majini ni sumu kwa paka.

Sasa neno la mume wako. Mwambie kwa upole kwamba njaa haimfundishi paka kuwinda. Hamu ya kuwinda na njaa ni vitu viwili: paka aliyeshiba huwinda vilevile. Mwenye njaa hufukua majalala. Na huyu wa gramu 480 ndiye atakayewindwa. Panya wa mtaroni wanaweza kumjeruhi, na panya buku aliyekomaa hupita kilo moja. Mwewe na kunguru nao huwavamia vipaka wa ukubwa huu, hasa wale kunguru wa shingo ya kijivu walioletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 na ambao sasa wametapakaa Dar yote. Hata akikua, atapunguza panya wadogo na harufu yake itawafanya wengine wahame, lakini panya wa nyumba nzima huondolewa kwa kuziba matundu na kufunika pipa la taka.

Kuna na ile sumu ya chini ya ngazi. Kwetu sisi hiyo peke yake inamaliza mjadala. Paka hahitaji kuila. Sumu za aina ya kuzuia damu kuganda hukaa ndani ya panya siku kadhaa, panya anazubaa, na panya mzubaifu ndiye anayekamatwa kirahisi. Siku tatu hadi tano baadaye paka amelegea, ufizi mweupe, damu inavuja kifuani au tumboni na hakuna jeraha la nje. Nyingine, zile za kupimwa mitaani kwenye vifuko visivyo na lebo, huua ndani ya saa chache kwa udenda na mtetemeko. Ikitokea, usimpe maziwa, mafuta wala chumvi ya kumtapisha. Mkimbize kwa daktari na kifuko cha sumu mkononi, kwa sababu tiba hutegemea aina. Kwa ile ya kuzuia damu kuganda kuna vitamini K1, na huokoa ikiwahi.

Kwa hiyo hukumu yetu: kwa nyumba yako ya sasa akae ndani maisha yake yote. Wala si kwamba utamtesa. Aliyekulia ndani hajui ngazi, haililii. Anayehangaika mlangoni usiku kucha ni yule aliyeonjeshwa nje miezi mitatu kisha akafungiwa, ndiyo maana uamuzi ni bora uchukuliwe sasa.

Mama yako wa jirani anasema kweli kuhusu hadithi, na ni vizuri anaikumbuka. Lakini isikilize hadi mwisho: yule mwanamke alimfungia paka, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Kosa ni kifungo na njaa pamoja. Unayemlisha mara tano kwa siku, ukamwekea maji, choo, dirisha la kuchungulia na mchezo, hujamfunga kwa maana ile. Ukimweleza hivyo huenda akawa wa kwanza kukuletea vichwa vya samaki.

Basi mfanye asione kifungo. Nondo za madirisha ya Dar zimeachana kiasi cha kumpitisha kipaka kichwa na mwili, na wavu wa mbu hauzuii kitu, kucha zitauchana wiki ya kwanza. Nunua wavu wa waya wenye matundu ya nusu inchi, ukate uzidi dirisha sentimita 5 kila upande, uufunge kwenye nondo zenyewe kwa waya wa kufungia, fundo kila sentimita 15, ncha zote zikiwa zimekunjwa kuelekea nje. Hutoboi ukuta wa mwenye nyumba, na ukihama unaufungua. Balkoni nayo iwe hivyohivyo, kutoka sakafuni hadi darini. Ukiishia kiunoni, paka mkubwa ataruka juu yake bila hata kukimbia.

Kwa kucha zake, tafuta nguzo ya unene wa sentimita 10 na urefu wa sentimita 90, uisimamishe juu ya ubao mzito wa sentimita 40 kwa 40. Izungushie kamba ya katani ya milimita 8, mita 25 hufunika sentimita 60 za juu. Paka gundi ya mbao kadiri unavyozungusha, misumari midogo mwanzoni na mwishoni, na ukaze mizunguko ibanane bila mwanya. Nguzo ikiyumba mara moja tu hatairudia, atakwenda kwenye kochi, kwa hiyo uzito wa kitako ndio muhimu. Iweke karibu na anapolala, maana wanapoamka ndipo wanapojinyoosha na kuparura.

Mchezeshe dakika 10 mara tatu kwa siku, kwa kijiti chenye kitambaa mwishoni, kamwe si kwa vidole. Mwanao aling'atwa kwa sababu vidole ndivyo vilikuwa mwanasesere. Mchezo wa mwisho uwe usiku, ukifuatiwa na chakula, atalala nanyi mtalala. Kisha ficha kila uzi, hasa wa cherehani ukiwa na sindano. Uzi ukimezwa hukunja utumbo kama kamba ya bukta. Ukiuona unaning'inia mdomoni au nyuma, usiuvute, mpeleke kwa daktari ulivyo.

Chanjo ya kwanza apate akifikisha wiki nane, uharo ukiwa umekwisha, irudiwe kila wiki tatu hadi nne mpaka wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa apate akiwa na wiki 12, na baadaye kila mwaka, hata kama hatoki. Kisha tia alama kwenye kalenda wiki kumi kutoka leo. Hapo atakuwa na miezi minne, na jike wa miezi minne anaweza kushika mimba. Muone daktari mpange siku ya kumfunga kizazi kabla hajafika miezi mitano. Asipofungwa ataanza kulia usiku na kusukuma nyavu zako, na madume ya mtaa mzima yatakesha kwenye ngazi.

Mkihamia kwenye nyumba yenye ukuta wake na hakuna sumu kwa jirani, tuandikie tena. Hata huko atatoka mchana tu, kabla ya mlo ili arudi akiitwa, na awe ndani kabla ya magharibi.